Tshibumba, Mwanahistoria wa Brashi

Pale kampasi ya Kasapa, Chuo Kikuu cha Lubumbashi hufundisha historia kwa vitabu. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa jiji hilohilo, aliisimulia kwa rangi. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha 100 hivi za historia ya Kongo, akazifafanua kwa Kiswahili. Alijiita mwanahistoria, maana kwake kuchora kulikuwa kufikiri, si kupamba ukuta tu. Wapo watakaosema alichanganya matukio na mawazo yake. Ni kweli, lakini hata mwandishi wa kitabu huchagua la kusema na la kuacha. Tshibumba alimchora Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kama alivyo mioyoni mwa watu, na kumbukumbu ya watu nayo ni ushahidi.