Picha Nne kwa Karatasi Moja

Karibu na soko la Gasorwe, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga nchini Burundi, yuko fundi wa picha ambaye studio yake ni ukuta mmoja tu. Ametundika shuka jeupe kwa misumari minne, akalivuta hadi mikunjo ikaisha. Mbele yake kuna kigoda. Siku niliyokaa pale, mteja wa kwanza alikuwa mzee mwenye koti zito, amekuja kupigwa picha ya karangamuntu, yaani kitambulisho.

Fundi hakushika kamera. Alitazama jua kwanza. Asubuhi mwanga huja kutoka ubavuni, nusu ya uso ikabaki gizani. Basi akasogeza kigoda hatua moja, kisha nusu hatua, hadi kivuli cha pua kikafifia. Akamwita kijana ashike gunia jeupe lililochanwa, chini kidogo ya kifua cha mzee, ili mwanga urudi juu na kuingia machoni. "Mzee wangu, vua kofia. Inua kidevu kidogo. Hapo hapo." Akasubiri. Mzee alivuta pumzi, akaitoa, mabega yakashuka. Ndipo fundi akabonyeza, mara moja tu.

Jana yake nilikuwa nimemsimulia rafiki kwamba picha ya mpigapicha Man Ray, iliyopigwa mwaka 1924, iliuzwa kwenye mnada wa Christie's huko New York mwezi Mei 2022 kwa dola milioni 12.4. Aliniuliza: kwa kubonyeza kidude? Swali ni la haki, na ndilo lililonikalisha kwenye benchi la fundi huyu kutwa nzima.

Kubonyeza kulichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Kazi ilianza baadaye, kwenye kompyuta ndogo iliyofunikwa kwa boksi ili jua lisiufiche uso wa kioo. Printa yake, alinieleza, hupenda kuzidisha weusi. Ngozi kama zetu huitoa kama mkaa, macho na nyusi zikamezwa. Kwa hiyo huongeza mwanga usoni, lakini koti huliacha lilivyo. Akikosea kidogo tu, mtu hutoka amepauka kama aliyepakwa unga. Alichapa kwanza kipande chembamba cha majaribio, akakipeleka juani, akakiweka kando ya shavu la mzee. Akatikisa kichwa, akarudi kupunguza. Kipande cha tatu ndicho alichokikubali.

Mpigapicha Edward Steichen alifanya jambo la ukoo huohuo, bila mashine. Mwaka 1904 alipiga picha ya bwawa na mbalamwezi huko Mamaroneck, jimbo la New York, kisha akapaka karatasi kwa mkono matabaka ya gundi inayohisi mwanga, hadi rangi ya usiku ikajitokeza wakati picha za rangi zilikuwa bado hazijaingia madukani. Nakala zinazojulikana ni tatu, na hakuna iliyofanana kabisa na mwenzake, kwa kuwa mkono haurudii mpako uleule. Mwaka 2006 moja iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa zaidi ya dola milioni 2.9.

Sisemi kila senti ya bei hiyo ni ujira wa mkono. Jina lina sehemu yake, historia ina yake, na matajiri wawili wakigombea kitu kimoja ukumbini hupandisha bei kuliko fundi yeyote. Uchache nao si wa aina moja. Picha ya mto Rhein ya mpigapicha Andreas Gursky, iliyouzwa dola milioni 4.3 mwaka 2011, ilitolewa nakala sita. Ingeweza kutolewa elfu. Gursky alifuta kwa kompyuta watembezi na jengo ng'ambo ya mto, kazi ya subira kweli; lakini ile sita ni uamuzi. Ile tatu ya Steichen ni jasho, nami naiheshimu zaidi.

Fundi wa Gasorwe hutoa nne, maana ndivyo karatasi yake inavyogawanyika. Aliilaza juu ya kipande cha kioo, akaweka rula ya chuma, akafungua wembe mpya. Hakukandamiza. Alipitisha wembe kwa wepesi, akaupitisha tena palepale, na karatasi ikaachana bila kuchanika nyuzi. Kila pembe aliigusa kwa kidole gumba kuona kama ina ncha.

Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, mashine ya studio moja ilitoa picha nne za kitambulisho kwa mpigo ilhali wateja wengi walihitaji moja tu. Ikawa nafuu kuchapa picha kubwa ya kawaida na kuukata uso. Mabaki yalikuwa watu wasio na vichwa: mikono magotini, mtoto amepakatwa, koti lilelile la kuazima likihama kutoka bega hadi bega. Martina Bacigalupo, Mwitaliano aliyekuwa akiishi Burundi, aliyaona, akayakusanya. Mwaka 2013 yalitoka kitabuni na kutundikwa New York na The Walther Collection, kwa jina la studio yenyewe: Gulu Real Art Studio. Hapo ndipo naona mkono wa fundi na macho ya mkusanyaji vikigawana sifa, na mkono ulitangulia.

Mzee wa karangamuntu alizitazama picha zake nne muda mrefu, akasema masikio yametoka vizuri. Fundi alizifunga kwenye bahasha aliyoikunja kutoka karatasi ya daftari. Bei haikufika chupa mbili za Fanta. Ukipita Gasorwe nawe unahitaji picha, nenda asubuhi, jua halijauhama ule ukuta.