Corolla Iliyochemsha Kitonga

Gari lilikuwa Toyota Corolla ya 1997 yenye injini ya 5A-FE. Lilichemsha mara mbili likipanda mlima Kitonga kuelekea Iringa, na kabla ya hapo lilikwishapita mikononi mwa mafundi wengine. Dereva alipoulizwa kuhusu foleni za Dar es Salaam, akajibu: "Kwenye foleni mshale unatulia, fundi. Mlimani ndiko kwenye balaa."

Fundi wa Iringa alilishika jibu hilo kabla ya kushika spana, na hapo ndipo ninapomheshimu. Gari linalochemsha foleni na kupoa likikimbia huwa lina tatizo la feni, maana likisimama halina upepo mwingine. Linalotulia foleni likashindwa mlima, mara nyingi shida ni maji: yamepungua, hayazunguki, au hayapiti kwenye rejeta inavyotakiwa.

Injini ikiwa baridi, alijaza maji, akafunga pampu ya mkono yenye geji mahali pa mfuniko, akasukuma hadi karibu baa 0.9. Mshale wa geji ukaanza kushuka taratibu. Kwa tochi akaona unyevu kwenye maungio ya tangi la juu la plastiki na wavu wa alumini, pamoja na utando mweupe wa maji yaliyokuwa yakikauka siku nyingi. Barabarani maji yalivuja yakiwa ya moto na kuwa mvuke palepale, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona tone chini ya gari.

Wengi huhesabu uvujaji huo kuwa ni upungufu wa maji tu, wakatembea na dumu kwenye buti. Hasara kubwa zaidi ni presha. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100. Iringa, mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wa rejeta huyabana maji yasichemke mapema: kwa baa 0.9, pwani, hufika karibu nyuzi 118. Mpira wa mfuniko ukikakamaa au tangi likipata ufa, kinga hiyo hupotea. Maji hugeuka mvuke ndani ya silinda hedi, na mvuke haubebi joto kama maji.

Kisha akafungua nyumba ya thamostati. Ilikuwa tupu. Fundi mmoja alikwishaitoa "ili maji yapite vizuri", na naandika safu hii hasa kwa ajili ya kosa hilo. Katika injini hii thamostati hukaa upande wa maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta, na ina kazi mbili. Injini ikipata moto, kwenye nyuzi 80 hivi, huanza kufungua njia ya rejeta. Wakati huohuo sahani yake ya nyuma huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani kwa ndani bila kuiona rejeta, na mzigo wa mlima ukizidi, gari huchemsha. Waliotaka kulipoza waliliongezea joto.

Lilibaki swali la gasketi. Silinda hedi ni ya alumini na bloku ni ya chuma; vikizidiwa na joto hutanuka tofauti, na gasketi iliyo kati yao ndiyo huumia. Alitumia dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa silinda, akaiweka juu ya mdomo wa rejeta injini ikinguruma. Ikabaki bluu. Oili nayo haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo tu ndipo alipomwambia mwenye gari kwamba hedi haifunguliwi, akamwokolea fedha nyingi.

Rejeta yenyewe ilikuwa imekwisha. Alizima injini, akachomoa waya wa feni, akapapasa wavu kwa uangalifu: sehemu ya chini ilikuwa baridi, mirija imezibwa na unga wa kuzibia matundu ambao mtu aliwahi kuumwaga ndani. Rejeta za zamani za shaba zilichomelewa kwa risasi na kuendelea na kazi. Tangi la plastiki lililochoka halichomelewi likadumu. Ikafungwa rejeta nyingine, mfuniko mpya, thamostati mpya, na koulanti iliyochanganywa na maji safi badala ya maji ya kisima yenye chumvi, ambayo huila alumini. Gari lilipanda Kitonga mshale ukiwa katikati.

Ndugu msomaji, mshale ukipanda, simama na uzime injini, wala usifungue mfuniko mpaka rejeta ipoe. Na fundi akikuambia anatoa thamostati, mwulize kwanza amepima nini.