Hamu ya Utotoni na Suala la Lugha katika Filamu ya The Muppets (2011)

Tahakiki hii inaichunguza filamu ya The Muppets, iliyoongozwa na James Bobin mwaka 2011, kwa kuangalia namna hamu ya utotoni inavyojengwa kupitia futuhi ya vikaragosi. Hoja yake kuu ni kwamba hamu hiyo haiwezi kutenganishwa na lugha ambayo mtoto aliichekea kwa mara ya kwanza.

Vikaragosi hivyo ni kazi ya Mmarekani Jim Henson, na kipindi chao cha televisheni, The Muppet Show, kilirushwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1981. Filamu yao ya kwanza, ya mwaka 1979, ilitazama mbele: chura Kermit anaondoka kwenye kinamasi chake kwenda kutafuta umaarufu. Filamu ya 2011 inatazama nyuma. Kundi limesambaratika, ukumbi wake umechakaa, na tajiri wa mafuta anataka kuubomoa ili achimbe chini yake. Dola milioni 10 zahitajika kuuokoa.

Ubora wa filamu hii umo katika mhusika Walter, kikaragosi aliyelelewa kama binadamu. Alama za kimo zinapochorwa ukutani, za kaka yake hupanda mwaka hadi mwaka. Zake hubaki palepale. Kwa taswira hiyo moja, filamu inaeleza kwa nini kipindi cha zamani kilimfaa: ndipo alipowaona wanaofanana naye. Hapa hamu ya utotoni ni haja ya kujitambua, wala si anasa ya watu wazima.

Hata hivyo, futuhi yenyewe ina tabaka mbili. Ya kwanza ni ya mwili na sauti: Mpishi wa Kiswidi hubwabwaja maneno yasiyo ya lugha yoyote, na kila mtu hucheka. Ya pili ni ya maneno. Kejeli za wazee Statler na Waldorf, wanaosuta maonyesho kutoka roshanini, hutegemea michezo ya maneno ya Kiingereza. Mtazamaji aliyelelewa kwa Kiswahili hupokea tabaka ya kwanza kikamilifu, ya pili kwa nusu. Filamu inapomtaka akumbuke, inamtaka akumbuke kicheko ambacho huenda hakuwahi kukicheka. Si ajabu kwamba kipaji cha Walter kinachomgusa kila mtazamaji ni kupiga mluzi.

Kanda hii imewahi kuonja njia nyingine. Nchini Tanzania, Kilimani Sesame iliwapa watoto vikaragosi vinavyozungumza Kiswahili. Nchini Kenya, The XYZ Show, iliyoanza mwaka 2009, ilivitumia kuwakejeli wanasiasa, lakini hiyo ni futuhi ya watu wazima.

Kwa watunga sera, funzo ni bayana. Kuingiza sauti za Kiswahili katika kazi za kigeni hakutoshi, kwa kuwa utani wa maneno haufasiriki kwa urahisi. Panahitajika vipindi vinavyotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, vyenye kuchota katika vitendawili, misemo na mizaha ya watani, kisha vihifadhiwe ili virushwe tena. Walter aliweza kurejea utotoni kwa sababu kanda za zamani zilikuwapo. Kizazi kisichowekewa kitu kwa lugha yake kitakapokua, kitakumbuka utoto wake kwa lugha ya wengine.