Juzuu, Toleo na Mapitio ya Rika: Uhakiki wa Istilahi za Majarida ya Kitaaluma

Anayeanza kusoma majarida ya kitaaluma kwa Kiswahili hukutana na istilahi zilizokwisha kuzoeleka pasipo kuchunguzwa. Tatu kati yake zastahili kuhakikiwa.

Juzuu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni sehemu: Kurani imegawanywa katika juzuu 30. Katika jarida, kinyume chake, juzuu ndiyo mkusanyo wenye sehemu ndani yake, kwa kawaida zile za mwaka mmoja. Mageuzi hayo hayana madhara, kwani hayamkanganyi msomaji.

Toleo lina utata zaidi. Kwa kitabu, toleo la 2 ni maandishi yale yale yaliyorekebishwa. Kwa jarida, ni sehemu nyingine ya juzuu, yenye makala mapya kabisa. Mwanachuo wa Kongo, aliyezoeshwa na Kifaransa kutenganisha numéro na édition, hutatizika anapoandaa marejeo. Yafaa toleo liachiwe vitabu, na majarida yatumie nambari.

Mapitio ya rika ni tafsiri ya Kiingereza ya neno kwa neno, na ndiyo istilahi dhaifu kuliko zote. Rika ni watu waliolingana umri, ilhali mtathmini wa makala huchaguliwa kwa ujuzi wake. Tena, mapitio tayari ni uhakiki wa kitabu kilichokwisha kutoka. Kazi hii hutangulia uchapishaji, na mara nyingi mwandishi hamjui anayemsoma. Kifaransa husema comité de lecture, jina linalotaja kamati bila kueleza kwamba kazi yake ni kupima. Tathmini ya wataalamu yabainisha kazi na watendaji pia.

Suala hili lina uzito. Mwalimu wa chuo kikuu hupanda cheo kwa makala aliyochapisha, na yapo majarida yanayomtoza fedha bila kutathmini lolote, yakijinadi kwa ISSN. Namba hiyo ya tarakimu 8 hutambulisha chapisho tu. Haithibitishi ubora wake. Asiyeijua tofauti hiyo hulipa, kisha kazi yake hukataliwa na kamati ya kupandisha vyeo.

Kwa hiyo, hapana budi wahariri waeleze kwenye jalada la ndani, kwa Kiswahili fasaha, nani hutathmini makala, lini na kwa vigezo gani.