Nguvu, Pumzi na Nia: Tatizo la Istilahi za Neijia katika Kiswahili

Istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya katika sentensi, wala si kwa uzuri wake katika orodha. Kipimo hiki chafaa kutumiwa kwa maneno ya neijia, yaani ule mkondo wa sanaa za kujihami za Kichina unaojumuisha taijiquan, baguazhang na xingyiquan.

Tatizo huanzia kwenye jina. Mfasiri akisema "mapigano ya ndani", msikilizaji wa Rhamu, kando ya mto Daua katika kaunti ya Mandera, hatafikiria mazoezi ya mwili. Atakumbuka ugomvi wa koo uliomwaga damu katika eneo hilo mwaka 2013. Kosa si lake. Neno jia lina maana ya nyumba au jamaa, na kwa hiyo pia mkondo wa mafunzo. Hata hilo "ndani" lina utata. Huang Zongxi alipoitumia istilahi hii mwaka 1669, katika maandishi ya kaburi la Wang Zhengnan, aliutofautisha mkondo huo na ule wa Shaolin, hekalu la dini iliyotoka nje ya China. Wako wataalamu wanaoona humo fumbo la kisiasa dhidi ya utawala wa Wamanchu. "Mkondo wa ndani" basi ni tafsiri salama zaidi.

Tatizo kubwa zaidi ni qi. Neno linalomjia mfasiri upesi ni "nguvu". Lakini mafunzo ya xingyiquan yana kanuni ya miafaka mitatu ya ndani: moyo na yi, yi na qi, qi na li. Kwa kuwa li ndiyo nguvu ya misuli, muafaka wa tatu utasomeka "nguvu na nguvu", na kanuni nzima itaporomoka. Kuandika "chi" nako hakusaidii, kwani wengi watadhani ndiyo ile "chi" ya "tai chi", ambayo kwa kweli ni ji, neno jingine lenye maana ya upeo.

Yasalia "roho" na "pumzi". Rhamu ni mahali pazuri pa kuyapima, kwa sababu huko Kiswahili hufuata Kisomali, Kigarre au Kiborana, na neno halibebwi na mazoea ya pwani. Kisomali hutenga neef, pumzi, na naf, uhai au nafsi. Katika Kiborana, pumzi ni hafuura. Mwalimu atakayesema "roho" atakuwa ameyahamisha mazoezi kutoka uwanjani hadi kwenye itikadi, na mzazi Mwislamu atakuwa na haki ya kuuliza mwanawe anafundishwa dini gani. "Pumzi" haienei kote inakoenea qi, ambayo hugusa mvuke, hewa na hata hasira. Hata hivyo, haimdanganyi mtu.

Kwa yi, Kiswahili kina hazina tayari: "nia". Kila aliyefundishwa kuwa sala haitimii bila nia anajua kwamba nia hutangulia tendo na kuliongoza. Maana hiyo ndiyo inayotakiwa.

Song huhitaji uangalifu wa kisarufi. "Kulegea" ni hali inayompata mtu, na mlegevu hulaumiwa. "Kulegeza" ni tendo la hiari. Afungaye mzigo juu ya ngamia hulegeza kamba kwa kiasi: ikikazwa mno humuumiza mnyama, ikilegea mzigo huanguka. Kiambishi kimoja cha unyambuaji kinatenganisha mafunzo na uzembe.

Hivyo basi, kanuni ile yaweza kusemwa kwa Kiswahili bila kupotea: moyo na nia, nia na pumzi, pumzi na nguvu. "Nguvu" imebaki, lakini mahali pake, mwishoni. Wanaoipeleka mwanzoni huligeuza fundisho zima kichwa chini, na mwanafunzi atakaza misuli pale alipotakiwa kuilegeza.