Hesabu ya Bustani za Lushoto

Mwezi wa Agosti, ukiiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda zile kona za kwenda Lushoto, utaiona milima ya Usambara ikiwa na rangi mbili. Miteremkoni mabua ya mahindi yamekauka yamesimama. Bondeni, kando ya vijito, kijani kimekolea: kabichi, karoti, hoho, liki, viazi. Mgeni hudhani mlimani hakuna rutuba. Kumbe mara nyingi ni familia ileile, yenye kipande juu na kipande chini. Masika yakianza Machi, bonde hutuama maji na miche huoza, basi jembe hupanda mlimani. Kiangazi kikiukausha mlima, jembe hushuka kufuata maji ya mifereji.

Nausifu ufundi huu wa kuhesabu misimu, kwa sababu wanaozungumzia kilimo cha mkono huiona mikono tu. Kijana yeyote mwenye afya anaweza kulima tuta. Kujua siku ya kusia mbegu ni jambo jingine, na hulijui kwa kuambiwa mara moja.

Tazama kitalu. Upana wake ni kama mita moja, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Samadi iliyochanganywa humo lazima iwe imeoza sawasawa, maana mbichi huunguza mizizi. Mbegu za kabichi husiwa katika vifereji, hufukiwa kiasi cha kutoonekana tu, kisha hutandazwa nyasi kavu. Zikichipua, nyasi ziondolewe mara moja. Ukichelewa, miche hurefuka ikiutafuta mwanga, na shina huwa jembamba, halina nguvu tena. Ndiyo maana utamkuta mama wa nyumba akifunua pembe ya nyasi kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto. Miche ikikaribia kuhamishwa, mama huyohuyo huipunguzia maji kwa makusudi na kuiachia jua, ipate kukomaa. Hupandikizwa jioni, jua likiwa limepoa, na udongo wake mizizini. Mtu asiyejua angeiona miche ile imenyauka kidogo akamlaumu kwa uvivu. Mimi naona hapo ndipo ujuzi wake ulipo.

Karoti haipewi kitalu. Mzizi wake ukisumbuliwa huota matawi, na karoti yenye matawi haina mnunuzi, kwa hiyo husiwa palepale itakapovunwa. Baadaye watoto wakitoka shule huing'olea miche iliyosongamana. Ni kazi ya subira kubwa, na ndipo wengi wao wanapojifunza kutofautisha jani la karoti na magugu.

Kabichi hukaa shambani takriban miezi mitatu. Mkulima mzoefu hapandi zote siku moja; za kwanza zinapopandikizwa, kitalu kingine kinasiwa, ili asivune zote wiki ambayo bei imeanguka. Viazi havifuati nyanya kwenye tuta lilelile, kwani ukungu wa baka jani huvishambulia vyote viwili, hasa masika mawingu yanapolala mlimani. Kichwani mwa mtu mmoja kuna vitalu, matuta, mvua, ugonjwa, soko, na mahitaji ya shule yanayotakiwa Januari.

Ufundi wa namna hii haukubali amri. Miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito mno, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Watu walipinga, na mpango ukafa kabla ya uhuru. Udongo kwenye miteremko mikali unahitaji kushikiliwa, hilo ni kweli, na wakulima walilijua. Lakini anayeamuru bila kujua nani atashika jembe, na katika msimu gani, hajaielewa kazi. Leo utaona mistari ya majani ya gwatemala imekata mteremko, ikizuia udongo na kulisha ng'ombe anayetoa samadi ya kitalu. Mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP uliihimiza mistari hiyo tangu miaka ya 1980, na imedumu pale familia ilipoona faida yake.

Kinachoniuma ni hesabu ya mwisho, ile isiyokuwa mikononi mwao. Karoti na viazi hushuka kwenda Dar es Salaam katika magunia ya lumbesa, yaliyoshonewa kilemba hadi kupita midomo yake, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa. Lakini dalali hujua kwamba mboga iliyokwisha kung'olewa haiwezi kusubiri mabishano. Mizani iwekwe kila mahali gari linapopakia, na isomwe mbele ya mama aliyefunua nyasi zile, kilo kwa kilo, kabla gunia halijashonwa.