Kompyuta ya kipande kimoja au ya vipande? Thamani haipimwi siku ya kununua

Swali hili halichoki kurudi, hasa boom likishaingia au mtu akipata mshahara wa kwanza: ninunue ile kompyuta nyembamba ambayo kila kitu kimo nyuma ya kioo, zile ambazo madukani hufupishwa AIO, au nitafute vipande niunganishe mashine yangu mwenyewe?

Majibu unayajua. Upande mmoja utakuambia AIO ni kutupa hela, kwa pesa ile ile unapata mashine yenye nguvu maradufu. Upande wa pili utakuuliza nani ana muda wa kuhangaika na nyaya: chomeka, washa, piga kazi. Pande zote mbili zina hoja. Ila zote zinapima thamani siku ya kununua, wakati kompyuta ya mezani hukaa na mwenyewe miaka mitano, saba, hata kumi. Ukitaka kujua kama ulipata au ulipigwa, subiri siku kipande kimoja ndani yake kitakapokufa au kupitwa na wakati.

Nitatumia sana mfano wa iMac ya Apple. Siichagui kwa kuwa ni mbaya. Naichagua kwa kuwa ndiyo AIO maarufu kuliko zote, na historia yake ni ndefu vya kutosha kuichunguza.

Kwanza tuipe haki yake

iMac ya kwanza ilitoka mwaka 1998 kwa dola 1,299. Kioo cha inchi 15, modemu, spika, vyote ndani ya kasha moja la plastiki unaloweza kuona ndani yake. Kwa mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta, hilo lilikuwa jambo kubwa. Hakukuwa na haja ya kujua waya upi unaingia wapi.

Lakini hoja yenye nguvu zaidi ya kutetea kipande kimoja ilikuja mwaka 2014, iMac ya inchi 27 ilipopewa kioo cha 5K. Piga hesabu nami. Kioo hicho kina pikseli 5,120 kwa 2,880, yaani karibu milioni 14.7. Kila pikseli inahitaji biti 24 za rangi, na picha hubadilishwa mara 60 kwa sekunde. Zidisha: unapata zaidi ya gigabiti 21 kwa sekunde. Waya wa DisplayPort 1.2 wa wakati huo uliweza kubeba gigabiti 17.28 tu za data ya picha. Kwa hiyo nje ya kasha, waya mmoja haukutosha. Monita ya 5K ambayo Dell ilitangaza mwaka huo huo ililazimika kutumia nyaya mbili, na bei iliyotangazwa ilikuwa kama dola 2,500, sawa na iMac nzima yenye kioo cha aina hiyo.

Hapo mtu wa vipande hana la kusema. Apple waliweza kwa sababu kioo na kompyuta vilikaa nyumba moja, na njia ya kati yao waliitengeneza wenyewe. Kwa mhariri wa picha au mtu wa ramani, mwaka 2014 kipande kimoja kilikuwa nafuu halali kabisa.

Halafu miaka ikapita

Kioo kizuri hakizeeki haraka. Kioo cha 5K cha 2014 bado kinaonesha maandishi safi kuliko monita nyingi zinazouzwa leo. Kinachozeeka haraka ni kilicho nyuma yake. Mfumo wa mwisho ambao Apple waliipa rasmi iMac ile ni macOS Big Sur ya mwaka 2020. Baada ya hapo programu mpya zinaanza kukataa moja moja.

Sasa mwenye mashine afanye nini? Jibu la kawaida lingekuwa: tumia kioo chake kama monita, unganisha kompyuta mpya. iMac za inchi 27 kuanzia mwishoni mwa 2009 ziliweza kufanya hivyo. Ya 5K haikuweza. Ule ubora wa njia ya ndani ndio uliokifunga kioo: hakikuwa na mlango wa kupokea picha kutoka nje, na iMac zilizofuata hazikurudishiwa. Kwa hiyo kioo kizima, kizuri, kinakufa pamoja na prosesa iliyochoka.

Hili ndilo shitaka langu kwa kipande kimoja. Kasha moja linafunga pamoja vitu vyenye umri tofauti, halafu vyote vinazikwa na yule aliyetangulia kufa.

Na Apple wenyewe kama walikiri kwa vitendo. Mwaka 2022 waliacha kuuza iMac ya inchi 27. Mahali pake wakaleta Mac Studio kuanzia dola 1,999, na kioo cha 5K peke yake, Studio Display, kuanzia dola 1,599. Vipande viwili! Bei ilipanda, hilo halifichiki. Lakini anayenunua kioo kile leo atabaki nacho hata akibadilisha kompyuta mara mbili.

Hesabu ya mnyororo

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, mashine ina sehemu kubwa tano: kioo, ubao mama, prosesa, diski na pawa saplai. Tuseme pia kila moja ina uwezekano wa asilimia 95 wa kumaliza mwaka bila kuharibika. Inaonekana salama, sivyo? Lakini uwezekano wa zote tano kumaliza mwaka ni 0.95 kujizidisha mara tano, yaani kama 0.77. Kwa miaka minne mfululizo inashuka hadi kama 0.36. Kwa maneno mengine, ukianza shahada ya miaka minne na mashine hiyo, kuna uwezekano wa karibu theluthi mbili kwamba sehemu mojawapo itakufa kabla hujavaa joho.

Angalia vizuri: hesabu hii ni ile ile kwa AIO na kwa mashine ya vipande. Anayekuambia ya vipande haiharibiki anakudanganya. Kinachotofautiana ni bei ya msiba. Pawa saplai ya kawaida ikifa kwenye mnara, unafungua skrubu nne, unachomoa nyaya, unaweka nyingine ya aina yoyote yenye kipimo cha ATX, kipimo ambacho Intel waliki-toa mwaka 1995 na bado kinatumika. Kwenye iMac nyembamba zilizoanza 2012, kioo kimebandikwa kwa gundi, kwa hiyo hata kubadilisha diski kunaanza kwa kukata gundi na kuomba Mungu kioo kisipasuke. Kwenye iMac ya inchi 24 ya mwaka 2021, diski na RAM vimeshikizwa moja kwa moja, havitoki. Ilianza na RAM ya GB 8 kwa dola 1,299, na kufika GB 16 ulilipa dola 200 zaidi siku ile ile ya kununua. Ukikosa siku ile, basi tena.

AIO za Windows nyingi ni rafiki zaidi: diski na RAM mara nyingi hutoka. Lakini ubao mama, kioo na mfumo wa feni ni vya modeli ile tu. Fundi wa Kariakoo au Luthuli anaweza kukupatia RAM ya DDR4 siku hiyo hiyo. Ubao mama wa AIO fulani ya mwaka fulani, hapo utaambiwa “acha namba, nikipata nitakupigia.”

Joto na jina la prosesa

Kuna jambo la fizikia ambalo matangazo hayasemi. Umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka sambamba na kasi yake, na pia na mraba wa volti. Kasi kubwa huhitaji volti kubwa, kwa hiyo joto hupanda kwa haraka kuliko kasi. Joto hilo lazima litoke. Kwenye mnara kuna nafasi ya feni kubwa ya milimita 120 inayozunguka taratibu. Kwenye kasha jembamba, feni ni ndogo na njia ya hewa ni finyu, hivyo prosesa ikizidiwa hupunguza kasi ili isiungue.

Ndiyo maana AIO nyingi hutumia prosesa za kompyuta mpakato au zilizopunguzwa umeme. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoingizwa mjini. Core i7-8565U na Core i7-8700 zote zinaitwa “i7 ya kizazi cha nane”. Ya kwanza ina viini vinne na imepangwa kwa wati 15. Ya pili ina viini sita na wati 65. Ukiona herufi U mwishoni, ni ya mpakato. Ukiona T, ni ya mezani iliyopunguzwa. Si mbaya, ila usizilipie bei ya kaka yao.

Kwa haki, Apple wamelipunguza tatizo hili kwa prosesa zao za M zinazokula umeme kidogo. iMac ya 2021 ina unene wa milimita 11.5 na haichemki ovyo. Ingawa ili kufika hapo, pawa saplai ilitolewa nje ikawa tofali kwenye waya. Hata kipande kimoja kimekuwa viwili.

Vipande navyo vina dhambi zake

Mashabiki wa kuunganisha wana mchezo mmoja: wanalinganisha bei ya mnara mtupu na bei ya AIO yenye kioo, spika, kamera, kibodi na Windows. Ongeza vyote hivyo, na UPS, ndipo mzungumze.

Umeme nao uhesabiwe. Tofauti ya wati 100, saa 6 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni uniti 180. Zidisha kwa bei ya uniti ya kwako. Tena umeme ukikatika, UPS ndogo inaishikilia AIO muda mrefu kuliko mnara wenye kadi kubwa ya michoro.

Hata ahadi ya kuboresha polepole inategemea mtengenezaji. Soketi ya AM4 ya AMD ilitoka 2016, na mwaka 2022 bado prosesa mpya kama Ryzen 7 5800X3D zilikuwa zinatengenezwa kwa ajili yake. Kwa Intel, prosesa za kawaida za mezani zilipita soketi ya LGA 1151 mwaka 2015, 1200 mwaka 2020, na 1700 mwaka 2021. Ukikosea soketi, “kuboresha” kunageuka kununua ubao mama na prosesa upya.

Basi uchukue ipi?

Kama kazi yako ni kuandika, kusoma, mikutano ya mtandaoni na takwimu nyepesi, chumba ni kidogo na umeme ni wa kubahatisha, AIO inakufaa. Lakini kabla hujatoa hela uliza maswali mawili. RAM na diski vinatoka? Na je, ina mlango wa HDMI wa kupokea picha, si wa kutoa tu? Baadhi ya AIO za HP na Lenovo zinao. Mlango huo mmoja ndio utakaookoa kioo siku kompyuta itakapochoka.

Kama unafanya uundaji wa modeli, video, au michezo, nunua vipande, na anza na kioo kizuri na pawa saplai ya kuaminika. Hivyo ndivyo vitakavyokaa nawe muda mrefu.

Na kama hela ni ya mawazo, mnara wa ofisini uliotumika pamoja na monita ya pembeni mara nyingi unashinda zote mbili. Uufungue kwanza uangalie, maana baadhi ya Dell na HP za ofisini hutumia pawa saplai zenye viunganishi vyao wenyewe.

Watengenezaji wa AIO wangeweza kuondoa nusu ya lawama zangu kwa kuweka mlango huo wa kupokea picha kwenye kila mashine. Hadi watakapofanya hivyo, jua kwamba unapolipia kipande kimoja unanunua kioo kizuri chenye tarehe ya kufa ya prosesa.